Ahadi Tatu za Stergos

Stergos bado yumo shimoni.

Yumo pale pale tulipomwacha wiki iliyopita, chini kabisa ya birika la kale la maji, juu ya kilima cha magofu ya Kamiros. Maji hayamo, yalikauka zamani sana. Kilichomo ni mijusi, majani makavu, na fundi umeme mmoja kutoka bandari ya Pireo aliyevaa suti yake ya ubatizo.

Na kule juu, ukingoni, vishindo vya miguu vimenyamaza.

"Stergos," sauti ikaita kwa upole. "Toka, mwanangu."

Stergos akabana pumzi.

"Najua umo. Moshi wa sigara unatoka shimoni. Au huko chini watu wa kale bado wanapika?"

Stergos akaizima sigara kwenye soli ya kiatu. Alikuwa amechelewa, lakini aliizima.

"Mzee Fanouris," akajibu kwa sauti ndogo. "Umejuaje niko huku?"

"Mke wangu ameoka keki ya mtakatifu."

Hapo hapakuwa na la kubisha. Kisiwa kizima cha Rodo kinajua kwamba kitu kikipotea, kiwe ufunguo, mbuzi au mchumba, mwanamke huoka keki ya Mtakatifu Fanouris na kitu huonekana.

"Keki yenyewe haijapoa na wewe umeshapatikana," mzee akaendelea. "Sasa niambie, unafanya nini humo?"

"Naangalia waya."

"Waya wa nani?"

Stergos akajifanya anautafuta huo waya. Na wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nisikuache nje ya mlango.

Jioni ya siku hiyo hiyo Stergos alitakiwa kusimama kanisani kama baba wa ubatizo wa mtoto wa rafiki yake Manolis. Mtoto alikaribia mwaka mmoja na alikuwa hana jina. Huko Rodo mtoto hana jina mpaka abatizwe; kila mtu humwita Bebe na mambo yanakwenda. Siku ikifika, anayelitamka jina mbele ya padri si baba wala mama. Ni baba wa ubatizo. Kumbare, ndivyo wanavyomwita.

Asubuhi, ndani ya mji wa kale wenye kuta, babu mzaa baba alimnywesha Stergos kahawa. Huyo ndiye mzee Fanouris, fundi wa ndara za ngozi. Kahawa ilipoisha, Stergos alikuwa ameahidi kuwa mtoto ataitwa Fanouris.

Mchana, huku magofuni, babu mzaa mama alimlisha tikitimaji na jibini. Huyo ndiye mzee Agapitos, mlinzi wa magofu. Tikitimaji lilipoisha, Stergos alikuwa ameahidi kuwa mtoto ataitwa Agapitos.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Stergos ni mtu ambaye neno "hapana" humkwama kooni kama mwiba wa samaki. Tena hana ndugu hata mmoja. Wazazi wake walikufa akiwa mdogo, akalelewa na majirani, na tangu alipokutana na Manolis jeshini, familia hii ndiyo pekee inayomwekea sahani mezani siku ya Pasaka. Unawezaje kumwambia "hapana" mtu anayekuwekea sahani? Basi alipomwona mzee Fanouris anapanda kilima akiwa na kofia ya majani kama mtalii, alirukia shimoni.

Sasa kipenga kikalia. Kikali, kirefu, cha kiserikali.

"Wewe mwenye kofia. Ondoka ukingoni."

Mzee Agapitos alikuwa anakuja kwa hatua za askari, sare imepigwa pasi, kipenga mdomoni. Fanouris akavua kofia.

"Kumbe ni wewe, mkwe mwenzangu," akasema Agapitos. "Basi ondoka ukingoni upesi zaidi."

"Nimekuja kutembea. Mahali hapa ni pa kila mtu."

"Miaka yote tangu niajiriwe hujawahi kufika. Leo ndiyo umeyapenda magofu?"

"Nimeyapenda." Fanouris, ambaye nyonga yake ilimuuma tangu alipopanda, akauegemeza mkono kwenye nguzo.

Kipenga kikalia.

"Hakuna kuegemea nguzo."

"Imesimama hapa tangu enzi za wapagani, mkono wangu ndio utaiangusha?"

"Imesimama kwa sababu watu kama wewe hawajaruhusiwa kuiegemea."

Fanouris akakaa juu ya jiwe. Kipenga. Akasimama. Akaweka mguu mmoja juu ya kizingiti cha nyumba ya mtu aliyekufa kabla ya Kristo. Kipenga. Mwishowe mzee akabaki amesimama katikati ya njia kama korongo, hajui aweke wapi uzito wake.

"Mkwe," akasema kwa hasira iliyobanwa, "kijana yuko wapi?"

"Kijana gani?"

"Aliyemo shimoni."

"Shimoni hakuna mtu," akasema Agapitos. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu anayependa ushindi kuliko siri, akaongeza, "Lakini hata angekuwemo, umechelewa. Ameshanipa neno lake."

"Amekupa wewe?"

"Mimi. Juu ya tikitimaji."

"Amenipa mimi neno lake asubuhi. Mkono wake ndani ya mkono wangu."

Upepo ulipita, ukatikisa misonobari. Kisha vichwa viwili vya wazee vikatokea juu ya shimo, kimoja kina kofia ya sare, kingine kina upara, na vyote viwili vikatazama chini.

"Stergos," wakasema pamoja.

"Naam."

"Panda."

Akapanda. Suti ilikuwa na vumbi mpaka kwenye mifuko, na mjusi mmoja alikuwa amejipatia makazi kwenye kola.

"Uliniambia," Agapitos akaanza taratibu, "kwamba Fanouris si jina la mtoto, ni jina la keki."

"Nilisema kwa... kwa maana ya..."

"Na mimi uliniambia," akadakia Fanouris, "kwamba ukiita Agapitos sokoni, atakayeitika ni muuza dawa ya mende."

Wazee wakatazamana. Na hapo, wasomaji wangu, likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu harusi ya watoto wao: wakawa upande mmoja. Agapitos akamshika Stergos kwapa la kulia, Fanouris la kushoto, wakamteremsha kilima kama mwizi wa kuku, na hakuna kipenga kilichomzuia Fanouris kuegemea nguzo mbili njiani.

Ndani ya pikapu ya Agapitos walimkalisha katikati. Gia ilikuwa kati ya magoti yake. Bahari upande mmoja, mashamba upande mwingine, na wazee wakizungumza kupitia kifua chake kana kwamba ni dirisha.

"Tumpe majina yote mawili," akasema Fanouris walipofika kijiji cha Kalavarda.

"Nakubali," akasema Agapitos.

Stergos akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Alishukuru mapema mno.

"Fanouris-Agapitos," akasema Fanouris.

"Agapitos-Fanouris."

"La upande wa baba hutangulia."

"Nani atasubiri mpaka la pili? Watu huita la kwanza. La pili hubaki kwenye cheti cha kuzaliwa, linalala."

"Basi kama halina kazi, la kwako likubali kulala."

Agapitos akakanyaga breki. Pikapu ikasimama kando ya barabara, vumbi likawapita.

"Mkwe, nisikilize," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mungu alinipa mabinti wanne. Namshukuru kwa kila mmoja. Lakini baba yangu aliniachia jina hili, na nikifa linaingia kaburini na mimi. Huyu ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Sina pengine pa kuliweka."

Fanouris akageuka kutazama bahari.

"Wewe angalau una sababu," akasema. "Mimi kijana wangu mkubwa yuko Melbourne. Alipata mtoto wa kiume. Nikachinja mbuzi, nikaalika mtaa mzima. Wakapiga simu, wakaniambia mtoto ameitwa jina la mtu wa kwenye sinema. Mbuzi alikuwa ameshaiva. Nilikula nini siku ile, hata sikumbuki."

Stergos aliwaangalia wazee wake wawili na moyo ukamuuma. Angeweza kugawanyika angefanya hivyo pale pale.

"Aamue kumbare," akasema Agapitos, akitia gia na kumgonga Stergos goti. "Atakalotamka mbele ya padri ndilo. Ila nasema mapema. Nisiposikia jina langu, mimi na watu wangu hatukai karamuni, na binti yangu Anthoula na mtoto nawachukua kijijini."

"Na mimi nisiposikia langu," akasema Fanouris, "Manolis atafute dari nyingine ya kulala. Juu ya duka langu hakai."

Kwa hiyo mambo yakawa hivyo. Neno moja, na nyumba ya rafiki yake ingevunjika upande huu au ule. Stergos akaketi katikati na gia yake, bila jina, bila sauti.

*

Waliiacha pikapu nje ya lango, wakaingia mjini kwa miguu. Meli kubwa ilikuwa imetia nanga bandarini asubuhi na vichochoro vilijaa wageni wanaopiga picha kuta. Fanouris aliwapita kwa kiwiko, maana alikuwa nyumbani.

Mlangoni pa duka alisimama mke wake, bibi Kalliopi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya unga. Aliwatazama watatu wale mara moja akaelewa.

"Nyinyi wawili, mkanyoe ndevu," akawaambia wazee. "Mnanuka vumbi la makafiri. Kumbare, njoo jikoni nikupigie brashi hiyo suti."

Jikoni keki ya mtakatifu ilikuwa mezani, imekatwa vipande, na kandokando yake milima ya lozi za sukari zilizofungwa kwenye vitambaa vyeupe kwa ajili ya wageni. Bibi Kalliopi akafunga mlango. Akafunga na dirisha. Hakuchukua brashi yoyote.

"Stergos, mwanangu. Unaniheshimu?"

Stergos akautazama mlango uliofungwa. Tangu asubuhi alikuwa ameanza kuzijua sentensi za namna hii.

"Nakuheshimu, mama."

"Basi mtoto hataitwa Fanouris."

"Ataitwa Agapitos?"

"Usinitukane jikoni kwangu." Akakaa, akavuta kiti karibu. "Unakumbuka Anthoula alivyokaa bila mtoto? Miaka inapita, madaktari, vidonge, machozi. Nikasema, Kalliopi, umekaa tu unafanya nini? Nikavua viatu, nikampandia Bikira wa Tsambika."

Stergos akapiga ishara ya msalaba. Hakuhitaji kuelezwa. Kule upande wa mashariki kuna kilima kirefu chenye kikanisa kileleni, na mwanamke anayetaka mtoto hupanda bila viatu, juu ya mawe na miiba, akamwomba Mama wa Mungu. Akijaliwa, mtoto si wa kupewa jina la babu. Mvulana huitwa Tsambikos, msichana Tsambika. Ndiyo sababu ukiliita jina hilo bandarini Rodo, nusu ya mabaharia hugeuka.

"Uliweka nadhiri," akasema.

"Niliweka. Na Bikira alitimiza upande wake. Bado upande wangu."

"Sasa mama, si useme tu? Nadhiri ya Tsambika hakuna mwanamume kisiwani humu atakayeipinga. Hata mzee Agapitos ataikubali. Tumekwisha kupona."

Bibi Kalliopi akachukua lozi moja, akaitazama, akairudisha.

"Mwaka jana moyo wa mume wangu ulisimama. Unajua. Alikuwa hospitali, mirija puani, uso kama nta. Akaniuliza, 'Kalliopi, nitalisikia jina langu likiitwa uani?' Ningemwambia nini? Nikamwambia utalisikia, mpenzi wangu. Nikamshika mkono, nikaahidi. Akafumba macho, akalala, kesho yake akaomba supu."

"Kwa hiyo na wewe umeahidi mara mbili."

"Usinifananishe na wewe. Mimi angalau nilipanda kilima." Kisha macho yake yakajaa maji. "Silali, Stergos. Kila mtoto akikohoa nasema, ndiyo hiyo, nadhiri. Wewe litamke jina. Tsambikos. Likishatamkwa mbele ya padri limetamkwa. Na usinitaje. Fanouris asijue ni mimi niliyemnyima."

Stergos akafungua kinywa. Mwiba ukakaa pale pale unapokaa siku zote.

"Sawa, mama," akasema.

Hiyo ikawa ya tatu.

*

Kanisa lilikuwa dogo, karibu na ukuta wa bandarini. Lilichaguliwa baada ya mwezi mzima wa majadiliano, kwa sababu halikuwa la mtakatifu wa ukoo wowote. Ndugu wa Fanouris walisimama kulia, ndugu wa Agapitos kushoto, na katikati palikuwa na nafasi ya kupitisha punda.

Anthoula alibaki nje ya mlango. Ndiyo desturi ya zamani, na mama mkwe wake aliishikilia: mama haingii mpaka jina litamkwe. Manolis, baba wa mtoto, alikuwa ndani, ameshika taulo. Manolis ni mpole, na tangu mtoto azaliwe hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya jambo lolote.

Stergos alisimama mlangoni na mtoto mikononi. Mtoto alimtazama, akamshika pua, akaishikilia kama mtu aliyepata kishikio cha mlango wake mwenyewe.

"Umemkana Shetani?" padri Nektarios akauliza, kama ibada inavyotaka.

"Nimemkana."

"Na kazi zake zote?"

Stergos akakumbuka kahawa, tikitimaji, na jikoni kwa bibi Kalliopi. "Nimezikana," akasema.

Padri akamgeuza kuelekea magharibi ampulizie yule mwovu. Stergos akapuliza kwa nguvu kiasi kwamba mishumaa miwili ilizimika. Kisha akageuzwa mashariki asome Kanuni ya Imani. Aliisoma yote bila kukosea, maana maneno yale hayakumtaka amfurahishe mtu. Alipofika mwisho aligundua kuwa moyo wake umetulia kidogo, na kwa kuwa umetulia, akasali. Hakuwa na sala nzuri. Alisema tu, *Mama wa Mungu, mimi ni mwoga. Unanijua. Sitaki kumpoteza hata mmoja wa watu hawa. Lakini mtoto ni wako, na mimi siwezi kudanganya nikiwa nimemshika. Nipe sauti, basi. Mengine uyashike wewe.*

Mtoto alivuliwa, akapakwa mafuta mpaka akang'aa kama zeituni. Padri akamwinua juu ya beseni la maji ya uvuguvugu.

"Jina," akasema.

Upande wa kulia ukasogea mbele. Upande wa kushoto ukasogea mbele. Ile nafasi ya punda ikapotea.

"Tsambikos," akasema Stergos.

Alilisema kwa sauti. Hata yeye alishangaa. Lilipanda mpaka kwenye kuba, likashuka.

"Tsambikos?" padri akauliza.

"Tsambikos."

"Katika ukoo wangu hakuna Tsambikos," akasema Fanouris.

"Wala wangu," akasema Agapitos.

"Nani kakutuma?"

Stergos aliona uso wa bibi Kalliopi kule nyuma, mweupe kama vitambaa vyake vya lozi.

"Sikutumwa," akasema. "Nimelitamka mimi. Niliwaahidi nyinyi wote wawili, na nilifanya kosa kuwaahidi. Nikasirikieni mimi. Mtoto mwacheni na jina lake."

"Na wewe toka kwangu," akasema Fanouris. "Nilikuwekea sahani. Toka."

"Anthoula," Agapitos akaita kuelekea mlangoni. "Njoo uchukue mtoto. Tunakwenda kijijini."

"Haendi mtu popote," akasema padri Nektarios kwa meno yaliyobanwa. "Mtoto yuko uchi na amejaa mafuta. Ananiteleza. Semeni mnalosema, lakini semeni upesi."

"Ni mimi."

Bibi Kalliopi alikuwa ametoka katika safu ya wanawake. Alitembea mpaka mbele ya mumewe na kusimama.

"Si yeye, ni mimi. Nilimpandia Bikira. Nilipanda bila viatu kwa ajili ya mtoto huyu, na nilimwahidi jina kabla sijakuahidi wewe. Nilikudanganya hospitalini, Fanouris. Niliogopa utakufa."

Fanouris akaitazama miguu ya mkewe.

"Ulipanda lini?" mzee akauliza.

"Ile wiki niliyosema niko kwa dada yangu."

"Ile wiki uliyorudi nyayo zimechanika." Mzee alizungumza polepole, kama anayepapasa kitu gizani. "Nikakushonea ndara zenye ngozi ya mwanakondoo ndani. Ukaniambia ni mchanga wa moto wa ufukweni."

"Ndiyo."

"Nimeshika miguu ya watu maisha yangu yote. Nikashika ile, nikaamini ni mchanga." Akainamisha kichwa. Mabega yakatikisika, na watu wakadhani analia, kumbe alikuwa anacheka na kulia pamoja, hata yeye hakujua lipi linatangulia. "Kwenye mawe yale, Kalliopi. Na uzito wako ule."

"Tuko kanisani, Fanouris."

Fanouris akajifuta pua, akamgeukia padri. "Mbatize. Ni wa Bikira."

"Kwa Bikira na mimi sina neno," akasema Agapitos. Kisha, kimyakimya, akamwambia mkwe wake, "Bora yeye kuliko wewe."

"Hata mimi nafikiri hivyo," akasema Fanouris, na akamshika mkono.

Basi akabatizwa mtumishi wa Mungu Tsambikos, akazamishwa mara tatu, na mara tatu akapiga kelele zilizosikika mpaka kwenye meli bandarini. Stergos akampokea kwenye taulo. Alikuwa na mafuta mpaka viwikoni na maji mpaka magotini, na Fanouris alipomkaribia alifumba macho akingojea kofi. Mzee alimbusu mashavu yote mawili.

"Sahani yako ipo," akamnong'oneza. "Lakini jina la keki sijalisahau."

Anthoula akaruhusiwa kuingia. Alipita katikati ya watu, akambusu kumbare mkono kama desturi inavyotaka, akampokea mwanawe. Alilirudia jina lake mara mbili, akilionja. Kisha akamtazama mama mkwe wake kwa namna ya ajabu.

"Mama," akasema. "Kule kilimani ulimwomba Bikira watoto wangapi?"

"Wangapi? Niliomba mtoto. Sikutaja hesabu."

"Ungetaja," akasema Anthoula, na akaweka mkono wake tumboni.

Wanawake ndio walioelewa kwanza. Kelele zao ziliwafanya wanaume waelewe. Bibi Kalliopi alikaa chini palepale sakafuni. Padri alipiga ishara ya msalaba, akatazama beseni lake, na kwa uso wake alikuwa anahesabu miezi.

Fanouris akamtazama Agapitos. Agapitos akamtazama Fanouris. Mikono yao iliyokuwa imeshikana ikaachana, taratibu, bila ugomvi. Kisha wote wawili wakageuka kumtafuta Stergos.

"Kumbare," akasema Fanouris kwa sauti tamu, akimshika kiwiko cha kulia. "Kesho asubuhi kahawa utakunywa wapi?"

"Kumbare," akasema Agapitos, akimshika cha kushoto. "Yule wa pili naye anahitaji baba wa ubatizo. Tikitimaji za mwaka huu hazijaisha."

Stergos akavuta pumzi. Neno lilikuwa fupi. Lilikuwa limeshavuka koo, liko kwenye ulimi, tayari kutoka kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Lakini aliyesema si yeye.

"Samahani," ikatoka sauti pembeni mwa beseni.

Watu wakageuka. Alikuwa Manolis, bado ameshika taulo la akiba. Wengi walikuwa wamesahau kwamba yupo.

"Mimi ndiye baba," akasema. "Na huyo wa pili msimgombanie. Ana jina tayari. Hata mimi niliweka nadhiri."

"Kwa mtakatifu gani?" akauliza mama yake kutoka sakafuni.

Manolis akalikunja taulo mara mbili kwa uangalifu. Akamtazama mke wake, akawatazama wazee, akautazama mlango, kama mtu anayepima umbali.

"Hapo ndipo penye tatizo," akasema. "Hakuwa mtakatifu."